Feni za Kompyuta Hapa Goma: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea zaidi hapa mjini ni kwamba Goma ina ubaridi wa kutosha, hivyo feni ya kompyuta ya mezani, ambayo wengi wetu tunaiita ventilateri, haina kazi kubwa.

Ukweli ni kwamba mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 14 kuliko ile ya pwani. Feni inayozunguka mara 1,200 kwa dakika Goma husukuma ujazo uleule wa hewa ambao ingeusukuma Mombasa, lakini hewa hiyo ina uzito mdogo, na kwa hiyo hubeba joto kidogo kutoka kwenye prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Ubaridi wetu hufidia sehemu ya upungufu huo. Vumbi jeusi la mawe ya volkeno, ambalo kila aliyefagia nyumba katika mji huu analijua, huuongeza, kwa kuwa huziba nafasi nyembamba kati ya mapezi ya alumini yanayokaa chini ya feni, hata feni ikawa inazunguka kwa nguvu huku hewa haipiti.

Hapo ndipo inapozaliwa dhana ya pili, kwamba feni ikiachwa katika kasi ya juu kabisa saa zote, mashine iko salama. Hakuna feni inayoweza kushusha joto la prosesa chini ya joto la hewa ya chumbani. Tena, kuongeza kasi mara mbili huongeza hewa mara mbili tu, ilhali nguvu inayohitajika huongezeka takribani mara nane, kelele huzidi, beringi huchakaa mapema na vumbi huvutwa kwa wingi zaidi. Ninaloliona kuwa bora ni kuingia kwenye mipangilio ya Biosi, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, na kuifanya kasi ifuate joto: kwa mfano, asilimia 35 joto likiwa nyuzi 40 za Selsiasi, asilimia 60 likifika 60, na kasi yote likifika 80. Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kazi zikikaribia nyuzi 100, kwa hiyo mpangilio huo unaacha nafasi ya kutosha.

Wengine husema kwamba programu ya kupima kasi ya feni ikionyesha sifuri, feni imekufa. Si lazima. Kasi husomwa kupitia waya wa tatu, ambao kwa kawaida hutuma mapigo mawili kwa kila mzunguko. Feni iliyoungwa moja kwa moja kwenye kisanduku cha umeme kwa waya mbili huzunguka vizuri bila kuripoti chochote, na kadi nyingi za picha husimamisha feni zake kwa makusudi zisipokuwa na kazi nzito. Kabla ya kwenda sokoni Birere kununua nyingine, fungua kasha uitazame kwa macho.

Si kweli pia kwamba feni zote hudhibitiwa kwa njia moja. Yenye pini nne hupokea amri kwa mapigo ya umeme, karibu 25,000 kwa sekunde. Yenye pini tatu hupunguzwa kasi kwa kushusha volti kutoka 12, na ikichomekwa kwenye tundu lililopangwa kwa mapigo, itakimbia kwa kasi yote bila kusikia amri yoyote. Kwenye mfumo endeshi wa Linux, amri ya sensors huonyesha joto na kasi pamoja, mradi ubao mama, yaani ubao mkuu wa saketi ndani ya kasha, unatambuliwa.

Kuacha ubavu wa kasha wazi huenda kukashusha joto kidogo siku ya kwanza, lakini kwa vumbi letu sishauri. Ni heri kusafisha mara kwa mara kwa brashi laini na hewa ya kupuliza, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, huku ukizuia mapanga ya feni kwa kidole yasizungushwe na upepo huo, kisha ulinganishe joto la kabla na la baada ya kusafisha kwa kazi ileile.