Rangi ya Mgombea Haitoshi: Mnapoikosea Siasa ya Marekani

Kila muhula lazima nilisikie hili darasani: "Mwalimu, si ni kama ukabila wetu tu? Mweusi anampa Mweusi mwenzake, Mzungu naye wa kwake." Nimelichoka.

Tuanze na Herschel Walker. Mwaka 2022 aligombea useneta Georgia kwa tiketi ya Republican: Mweusi, mzaliwa wa hapo hapo, nyota wa futiboli ya Kimarekani. Mpinzani wake, Raphael Warnock wa Democratic, ni Mweusi pia. Takribani Weusi tisa katika kila kumi walimpa Warnock; Wazungu walio wengi walimpa Walker. Mwaka 2024, North Carolina, Mark Robinson, Mweusi wa Republican, aliutaka ugavana. Weusi wakamchagua Josh Stein, ambaye si Mweusi. Huyo "mtu wetu" yuko wapi hapo?

Kinachobeba rangi ni chama. Hadi 1932 Weusi walioweza kupiga kura walikuwa wengi wao kwenye chama cha Lincoln, yaani Republican. Mwaka 1936 Rais Roosevelt wa Democratic akawavuta kwa kazi za serikali wakati uchumi ulipoanguka, lakini hata 1960 Nixon wa Republican bado alipata karibu theluthi yao. Kisha 1964 Rais Johnson wa Democratic akasaini Sheria ya Haki za Kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, na Republican wakamsimamisha Goldwater kugombea urais, aliyeipinga Senetini. Weusi wakahama karibu wote. Mississippi, jimbo la Kusini ambako Weusi walizuiwa kujiandikisha, ikampa Goldwater asilimia 87. Baada ya mwaka huo hakuna mgombea urais wa Democratic aliyepata zaidi ya nusu ya kura za Wazungu.

Wapo wanaodhani vyama vilibadilishana nafasi usiku mmoja. Hapana! Carter wa Democratic aliyazoa majimbo ya Kusini karibu yote mwaka 1976, na Republican hawakupata wingi wa wabunge wa Kusini hadi uchaguzi wa 1994.

Wengine husema: "Weusi wote ni wa mrengo wa kushoto." Wengi ni watu wa kanisa, wenye misimamo ya wastani au ya kihafidhina.

Au: "Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) ni mali ya Democratic." Kaunti ya Starr, Texas, karibu wakazi wake wote ni Walatino. Mwaka 2024 ilimpa Trump, Republican wa kwanza kushinda urais pale kwa zaidi ya miaka 100.

Na eti Obama ndiye aliyewagawa? Johnson anasaini ile sheria, Obama hajatimiza miaka mitatu.