Kodi ya programu ni pana, haya, aya zimekosa nini?

Mteja mwingine wa tovuti leo kaniambia "panua ukurasa wote, kodi hazienei". Hii nimeisikia mara nyingi mno, acha niandike mara moja niwe natuma linki.

DHANA: Kodi ikiwa pana basi ukurasa mzima upanuke

Hapana jamani. Kodi mtu anaisoma kwa kurukaruka, mistari mingi mifupi, na zile nafasi za mwanzoni zinamwonyesha yuko wapi. Aya ni kitu kingine kabisa, jicho linatembea mpaka mwisho wa mstari halafu lirudi kushoto litafute unaofuata, sasa mstari ukiwa na herufi 150 likirudi linapotea, unajikuta unasoma uleule mara mbili. Wapanga vitabu wanakaa kwenye herufi 45 hadi 75, WCAG (mwongozo wa kufanya tovuti zifikike na watu wote) wanasema zisizidi 80. Hata PEP 8, mwongozo wa kuandika kodi za lugha ya Python, inaruhusu kodi ifike 79 lakini maelezo yaliyo ndani ya kodi hiyohiyo imeyabana kwenye 72!! Kwa hiyo kila kimoja kipewe upana wake: kwenye CSS, aya weka max-width: 65ch, pre (tagi inayobeba kodi) iache itanuke mpaka nafasi iishe, ikizidi hapo overflow-x: auto, iskroli yenyewe ukurasa utulie. Ila ch ni upana wa tarakimu 0, na kwenye fonti nyingi hiyo 0 ni pana kuliko herufi ya kawaida, kwa hiyo 65ch inabeba zaidi ya herufi 65. Mimi huanzia 60ch.

DHANA: overflow-x haifanyi kazi

Inafanya. Kodi iko ndani ya gridi au flex (njia za CSS za kupanga visanduku) ndo maana, safu inagoma kusinyaa chini ya upana wa kodi. Weka min-width: 0 kwenye kisanduku kilichoibeba, basi.

DHANA: Punguza fonti ya kodi itaenea

Simu ya pikseli 360, ukitaka herufi 80 zikae unashuka kwenye fonti ya pikseli 7 hivi, nani anasoma hiyo? Na brauza nyingi zenyewe tayari zinaishusha kutoka 16 hadi 13.

DHANA: Kunja mistari kwa pre-wrap, kuskroli ni kubaya

Logi (rekodi za matukio ya programu) sawa, kunja. Python na YAML (muundo wa faili za mipangilio) usiguse, kipande kilichokunjwa kinaanzia kushoto kabisa na anayejifunza anadhani ni amri mpya. Iache iskroli, na tafadhali iwekee tabindex="0", ifikike kwa kibodi, maana wapo wasiotumia mausi wala kugusa skrini, bila hiyo kuna brauza hawataufikia mwisho wa mstari.