Kasri la İshak Paşa: yasemwayo na ukweli wake

Picha yake wengi wameiona bila kujua ni ya wapi: kuba, mnara mmoja wa mawe ya rangi mbili, na nyuma yake majabali makavu. Ni Kasri la İshak Paşa (paşa ni cheo cha mkubwa wa serikali), lililojengwa kwenye tuta la mlima juu ya mji wa Doğubayazıt, mashariki kabisa mwa Uturuki, karibu na mpaka wa Iran. Kati ya mwaka 2005 na 2009 lilichapishwa hata kwenye noti ya lira 100.

Watu husema alikaa sultani hapa. La. Masultani wa Osmani, dola iliyotawala Uturuki zamani, walikaa Istanbul, safari ya siku nyingi kutoka hapa. Waliojenga kasri hili ni ukoo uliotawala Beyazıt, kama mji huu ulivyoitwa zamani, kwa niaba ya sultani. Kwa Kiswahili tungewaita maliwali, ila uliwali wao ulirithiwa. Wala jina la kasri lisitupotoshe tukadhani ni kazi ya mtu mmoja. Ujenzi ulianza mwaka 1685 chini ya Çolak Abdi Paşa, ukamalizika 1784 wakati wa İshak Paşa. Aliyeweka jiwe la mwisho ndiye aliyebaki na jina.

Halafu kuna ile hesabu ya vyumba 366, kwamba Paşa angeweza kulala chumba kipya kila siku ya mwaka. Hesabu tamu, lakini pima mwenyewe. Kasri lote lina meta za mraba zipatazo 7,600, na humo mna nyua mbili kubwa, msikiti, kaburi la ukoo, ukumbi wa sherehe, jiko na hamamu. Vyumba 366 vya kulala vingekaa wapi?

Dhana inayoniudhi kuliko zote ni ya haremu. Ukilitaja neno hilo, mtu anawaza masuria na matowashi tu. Sisi tusingepaswa kupotea hapa, kwa sababu neno linatoka kwenye mzizi uleule uliotupa haramu: mahali asipoingia mgeni. Upande wa pili wa kasri unaitwa selamlık, na humo utaisikia salamu, kwani ndiko wanaume walikopokea wageni na kuendesha mashauri. Yeyote aliyekulia katika nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja anaufahamu mpangilio huu: mgeni huishia barazani, ndani ni kwa wenyewe. Haremu ya hapa ilikuwa makazi ya familia, vyumba vyenye meko, jiko na hamamu karibu. Ndani ya kuta mlipitishwa mifereji ya kusambaza joto, maana majira ya baridi katika nyanda hizi ni ya theluji na barafu.

Wengine huliita kasri la Kituruki halisi, kana kwamba fundi alitumwa na mchoro kutoka Istanbul. Tazama mlango mkuu: umepanda juu na kuchongwa kama milango ya Waseljuki waliotawala Anatolia kabla ya Waosmani. Kaburi lina pembe nane, nalo ni la mtindo huohuo wa kale. Mapambo mengine yanakumbusha Uajemi, mengine kazi za mafundi wa Armenia na Georgia. Na wanaoamini kwamba Waislamu hawakuchonga kamwe viumbe hai, watazame boriti za mbao zilizochomoza ukutani: zimechongwa sura ya mtu, simba na tai. Hapa ni mpakani, na mpakani ufundi haukai upande mmoja.

Mwisho ni sababu ya sehemu za kasri kuwa magofu. Mitetemeko ya ardhi hubebeshwa lawama yote, na ni kweli ule wa 1840 uliumiza eneo hili. Lakini vita navyo vilichangia. Warusi waliiteka Beyazıt zaidi ya mara moja, na mwaka 1877 kikosi chao kilizingirwa humuhumu kasrini kwa siku 23, askari wakiteswa na kiu kuliko risasi. Baadaye mji wenyewe ulihamia bondeni, kasri likabaki peke yake mlimani. Lile paa la kioo na mbao linaloonekana leo juu ya baadhi ya vyumba si la Paşa yeyote. Ni la wahifadhi wa zama zetu, limewekwa ili mvua na theluji zisiendelee kula mawe.