"Saa Imeonyesha 186, Moyo Wangu Umeharibika?"

Kila Jumatatu simu yangu hujaa picha za skrini. Mtu amekimbia msitu wa Karura wikendi, saa ya mkononi imemwonyesha mapigo 186 kwa dakika, naye ametoa umri wake kwenye 220 akapata 178. Sasa hataki mazoezi tena. Nimelijibu swali hili mpaka sauti imenikauka, basi acha niliandike.

Dhana: 220 ukitoa umri ndio mwisho wa moyo wako. Ukipita hapo, umeuumiza.

Hapana! Ikiwa moyo wako kweli umefika 186, basi kilele chako ni 186 au zaidi. Hesabu ndiyo iliyokosea.

Kanuni hiyo ilitokana na kazi ya watafiti wa Marekani, Samuel Fox na William Haskell, karibu mwaka 1970. Walikusanya matokeo ya tafiti mbalimbali, wakayapanga kwenye grafu na kupitisha mstari katikati. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake wakaleta nyingine: 208 ukitoa asilimia 70 ya umri. Mwenye miaka 40 atapata 180 kwa zote mbili. Mwenye 60 atapata 160 kwa ile ya zamani na 166 kwa mpya. Lakini hata hiyo mpya ni wastani tu. Kupishana nao kwa mapigo 10 ni jambo la kawaida, na wapo wanaopishana nao kwa 20, wazima kabisa. Kilele cha mapigo ni kama namba ya kiatu: huwezi kuikisia kwa kuangalia kitambulisho cha mtu.

Tena saa yenyewe hukosea. Inapima kwa mwanga unaopita kwenye ngozi, na mkanda ukilegea huweza kuhesabu hatua zako badala ya mapigo. Wakimbiaji wengi hupiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika, kwa hiyo namba ikiruka ghafla kutoka 130 hadi 175 nawe hujisikii tofauti, ishuku saa kwanza. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4.

Namba ikiwa kweli iko juu, tafuta sababu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Aliyefika jana kutoka Mombasa moyo wake utakwenda mbio kwa mwendo ambao kwao ni wa kawaida. Jua, kiu, usingizi haba na homa hupandisha mapigo pia. Kina mama wenye hedhi nzito, tafadhali pimeni damu kabla ya kununua saa nyingine, kwa maana upungufu wa damu hufanya moyo uhangaike. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, inayofanya kazi kupita kiasi nayo ichunguzwe.

Ushauri wangu, na wateja wanajua siuachi: tembea kilima. Unayeanza, usikimbie kupanda Ngong. Ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kuhema katikati, punguza mwendo. Baada ya wiki kadhaa moyo utasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na mwendo uleule utahitaji mapigo machache.

Dhana: Moyo ukienda mbio, presha imepanda.

Presha ni nguvu ya damu kwenye mishipa; mapigo ni idadi. Mtu anaweza kuwa na presha 180 kwa 110 na mapigo 68. Kwa hiyo usimeze dawa ya shemeji. Na wewe unayetumia dawa za presha kama atenolol au bisoprolol, dawa hizo huyashikilia mapigo chini, kwa hiyo zile kanuni za umri hazikuhusu. Usiache dawa ghafla ili "upate namba nzuri".

Dhana: Mapigo yakipanda, simama papo hapo.

Misuli ya miguu husaidia kurudisha damu kwenye moyo. Ukisimama ghafla, damu hubaki chini na kizunguzungu huja. Tembea polepole dakika 5 hadi 10. Maumivu ya kifua ni jambo lingine: acha, keti, omba msaada.

Dhana: Mapigo yamehesabiwa, ukikimbia unayamaliza.

Mwenye mapigo 75 siku nzima hutumia 108,000. Mkimbiaji mwenye 55, hata akikimbia saa nzima kwa 150, hutumia 84,900. Tuendelee.

Dhana: Kijana hawezi kuwa na ugonjwa wa moyo.

Anaweza. Maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo, na Kenya bado tunawaona wagonjwa hao wakiwa vijana. Muone daktari ukizirai ukiwa unakimbia, ukiumwa kifua, mapigo yakienda bila mpangilio, yakipanda ghafla ukiwa umeketi tu, au ikiwa kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Mapigo yasiposhuka hata 12 katika dakika ya kwanza baada ya mazoezi makali, mwambie hilo pia. ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ya dakika chache ukiwa umetulia inaweza kutoka safi kabisa. Dalili zikiendelea kurudi, rudi umuulize daktari kuhusu ECG ya kuvaliwa kwa muda wa saa 24.