Mwanga unavyovunja klasta ya atomu, na ile kamba ya bembea iliyokuwa inateleza

Mpwa wangu yuko fomu faivu, anasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati). Juzi tumekaa chini ya mkorosho huku nyumbani Mikindani akaniuliza, "Mjomba, hizo leza zako si mwanga tu, na mwanga hauna hata gramu moja, sasa unavunjaje kitu?" Nilimjibu harakaharaka, baadaye nikaona sijamtendea haki, maana hilo swali ndo kazi yangu ya miaka yote, kwa hiyo naandika hapa taratibu na mwingine asome.

Kitu chenyewe tunachovunja sisi ni klasta, yaani kishada cha atomu. Zinaweza kuwa kumi, zinaweza kuwa laki. Hazijafungana kikemia kama kwenye molekuli ya maji, zimeegemeana tu. Sisi tunatumia sana argoni, gesi ileile ambayo fundi wa kuchomelea alminiamu anayo kwenye mtungi, na xenoni ambayo ni ghali sana. Unaichukua argoni ikiwa na presha kubwa, tuseme baa 30, unaifungulia kwenye tundu la nusu milimita iingie kwenye chemba iliyonyonywa hewa yote. Umeshawahi kubonyeza valvu ya tairi ukasikia upepo unatoka wa baridi? Kule baridi inakuwa kali mno mpaka atomu zinagandana zikiwa njiani, kama umande. Na kushikana kwenyewe ni kwepesi, kuachanisha atomu mbili za argoni kunataka nishati ndogo zaidi ya mara elfu kuliko ya kung'oa elektroni moja.

Sasa leza. Yetu ni nyekundu ya ukingoni kabisa ambapo jicho halioni vizuri, urefu wa wimbi lake nanomita 800, na haiwaki muda wote, inapiga mapigo. Pigo moja ni femtosekunde 100 hivi (femtosekunde ni sekunde moja ukiigawa vipande milioni bilioni), yaani muda ambao mwanga wenyewe, na mbio zake zote hizo, unatembea mikroni 30 tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hata unene wa unywele haufiki. Mapigo makali namna hii tunayapata kwa mbinu ya wanafizikia Donna Strickland na Gérard Mourou ya mwaka 1985, kulinyoosha pigo kwanza, kulikuza, halafu ndo kulibana tena, na wakapewa Nobel 2018.

Fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ya rangi hiyo ina elektronivolti 1.55 (hicho ni kipimo cha nishati ya vitu vidogo kama atomu). Argoni ili iachie elektroni ya kwanza inataka 15.8. Piga hesabu, ni fotoni 11 zifanye kazi kwa pamoja, na jua la saa saba mchana la Mtwara, pamoja na ukali wake, haliwezi. Ila ukilikusanya pigo kwenye nukta ndogo mpaka ufike wati trilioni mia mbili hadi mia tatu kwa sentimita moja ya mraba, uwanja wa umeme wa huo mwanga unaanza kushindana na ule unaoishika elektroni ndani ya atomu, ule ukuta unaoizuia elektroni unainama, elektroni inapita. Sisi tunafika mpaka trilioni 10,000.

Mwaka 1997 mwanafizikia Todd Ditmire na wenzake pale Imperial College London walipiga klasta za xenoni wakapima ioni, yaani atomu zilizopoteza elektroni, zinazoruka kutoka humo, na nyingine zilikuwa na elektronivolti milioni 1. Ioni ya xenoni yenye nishati hiyo inakwenda kama kilomita 1,200 kwa sekunde, yaani Mtwara–Dar kwenda na kurudi kabla hujamaliza kupiga chafya. Atomu ya xenoni iliyo peke yake kwenye leza hiyohiyo haisogelei nishati hiyo hata kidogo. (Mwaka 1999 Ditmire akiwa Lawrence Livermore, Marekani, walifanya hivyo na klasta za deuteriamu (hidrojeni nzito), viini vikagongana vikaungana, wakapata nyutroni za muungano wa nyuklia.)

Kwa nini klasta inameza nishati yote hiyo? Elektroni ikitoka kwenye atomu iliyo peke yake inakwenda zake, yameisha. Kwenye klasta imetoka chumbani lakini bado iko ndani ya ua, maana ioni zote zilizobaki zina chaji chanya na zinaivuta isivuke. Sasa leza inaisukuma huku na huku, inagonga ioni, kila kugonga inachuma nishati, ikishapata joto la kutosha inang'oa elektroni za atomu nyingine, nazo zinaingia kazini. Ndani ya klasta kunakuwa na plazima ndogo, yaani mchanganyiko wa ioni na elektroni zilizong'oka, nzito karibu kama kitu kigumu. Hamburg, Ujerumani, mwaka 2002 watafiti walitumia leza ya aina nyingine, nanomita 98, fotoni yake moja inatosha kung'oa elektroni moja ya xenoni, na kweli atomu moja moja zilipoteza elektroni moja moja, lakini za kwenye klasta zilikutwa zimepoteza mpaka 8. Mwanga uleule, tofauti ni majirani tu.

Ila kugongana peke yake hakutoshi kueleza yote, na hapa ndo pananifurahisha kuliko pote.

Pale chini ya mkorosho watoto walikuwa wamefunga bembea kwenye tawi, kamba fupi, na fundo halikukaza. Mkubwa wao alikuwa anasukuma kwa mwendo wake uleule, moja, mbili, moja, mbili, lakini bembea fupi ina haraka, kwa hiyo mara amsukume mwenzake anakwenda mara anamkuta anarudi, hawaelewani. Fundo likawa linateleza kidogokidogo, kamba inarefuka, bembea inapunguza haraka yake, mpaka ikafika mahali imelingana kabisa na mikono ya msukumaji, na mtoto akapaa mpaka mama yake akapiga kelele. Kamba ikazidi kurefuka, wakapoteana tena. Nikamwambia mpwa, tazama hapo, klasta ndo hiyo.

Plazima ina bembea yake, elektroni zote kwa pamoja zinayumba huku na huku, na zikibanana sana zinayumba haraka kuliko mwanga unavyosukuma. Pigo likianza, klasta bado imebanana, hawaelewani. Lakini elektroni zenye joto zinatutumua kutoka ndani, ioni nazo zinasukumana kwa sababu zote ni chanya, klasta inaanza kutanuka. Inatanuka polepole maana ioni ya argoni ni nzito kuliko elektroni mara 70,000 na zaidi. Ikitanuka, mwendo wa kuyumba unapungua, unafika mahali unalingana na leza, na hapo klasta inameza nishati kwa fujo. Kinachofuata ni mlipuko. Kwenye klasta ndogo elektroni zinafagiliwa zote nje na ioni zinarushana zenyewe kwa chaji, kwenye kubwa joto la elektroni linazivuta ioni kwenda nje, na mara nyingi ni mchanganyiko wa yote mawili. Kwa hiyo mjomba, mwanga hausukumi atomu hata moja. Unaziyumbisha elektroni, elektroni ndo zinabomoa nyumba.

Akaniuliza, "Mmejuaje kuwa kuna huo muda wa kulingana, na ni mfupi hivyo?" Tunaligawa pigo vipande viwili. La kwanza linaiamsha klasta ianze kutanuka, la pili linazungushwa njia ndefu zaidi ili lichelewe. Njia hiyo ina kioo juu ya kijireli, unakisogeza nyuma mikroni 15, mwanga unakwenda na kurudi kwa hiyo ni mikroni 30, pigo la pili limechelewa femtosekunde 100. Unasogeza tena, unaangalia skrini inayoonyesha eksirei na ioni zinazotoka kwenye klasta. Mwanzoni hakuna kitu cha maana. Unasogeza. Inapanda. Unasogeza, inapanda zaidi, valvu ya gesi inalia tik tik tik gizani na wewe hutaki hata kukohoa. Halafu hatua moja mbele inaanza kushuka, na ukiendelea inashuka moja kwa moja, pigo la pili limekuta klasta imeshatawanyika. Ukiweka klasta kubwa zaidi, kile kilele kinahama, kinataka uchelewe zaidi, kwa sababu kubwa inachukua muda mrefu kutanuka.