Madoa meusi kwenye ngozi: yanatoka wapi na yanatibiwaje

Mtu akiona doa jeusi shavuni cha kwanza anauliza "nipake nini litoke", na hapo ndo makosa yanapoanzia, maana doa jeusi sio jina la ugonjwa, ni alama tu kwamba sehemu hiyo ya ngozi imetengeneza rangi nyingi kuliko sehemu za jirani. Uliza kwanza limeletwa na nini, na je hicho kilicholileta bado kinaendelea au kimeshapita?

Rangi yenyewe inaitwa melanini, inatengenezwa na seli zinaitwa melanosaiti ambazo zinakaa sehemu ya chini ya tabaka la juu la ngozi. Mtu mweusi na mzungu wana hizo seli kwa idadi inayokaribiana kabisa, ila kwa mweusi zinachapa kazi zaidi. Kazi yenyewe ni ulinzi, ngozi ikipigwa jua au ikiumizwa zinashtuka na kumwaga rangi, ndo maana ngozi nyeusi inaacha alama hata kwa kitu kidogo tu, chunusi moja, mbu kakuuma ukajikuna, wembe umepita vibaya kidevuni.

Madoa ya namna hiyo, yanayobaki baada ya chunusi au kidonda kupona, ndo yanawapata wengi na mengi yanafifia yenyewe, ila kwa miezi, sio siku tatu kama matangazo yanavyodai. Rangi ikiwa imebaki tabaka la juu doa linakuwa la kahawia, na lile tabaka linajibadilisha kila baada ya wiki nne hivi au zaidi, umri ukienda linachelewa, kwa hiyo rangi inaondoka taratibu na seli zilizokufa. Shida ni ukiminya chunusi ikapasukia ndani, rangi inadondokea tabaka la chini, doa linakuwa la kijivu au kama bluu, na hilo linaweza kukaa miaka, krimu nyingi hazilifikii huko. Kwa hiyo nyie wa kukaa mbele ya kioo mnaminyaminya (na mimi nilikuwemo, sijifichi) mnajitengenezea madoa wenyewe.

Kuna melasma, hii ni tofauti, mabaka ya kahawia kama ramani yanayokaa pande zote mbili za uso, mashavuni, kwenye paji, juu ya mdomo. Wanawake inawapata zaidi kwa sababu ya homoni, inatokea kwenye ujauzito au ukitumia vidonge vya uzazi wa mpango, halafu jua linachochea. Ya ujauzito mara nyingine inafifia baada ya kujifungua. Melasma ina kiburi kwa kweli, unaitibu inapungua, ukizembea na jua mara moja imerudi, na hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho unaichochea, ndo maana sanskrini (krimu za kukinga jua) zenye rangi ndani yake, zile zilizowekwa oksidi ya chuma, zinaisaidia zaidi kuliko za kawaida.

Weusi wa shingoni nyuma na kwapani, ule mzito unaoshikika kama velveti, watu wanausugua na dodoki wakidhani ni uchafu. Sio uchafu! Mara nyingi mwili umeanza kuikataa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hasa kwa mwenye uzito mkubwa, na cha kufanya ni kwenda kupima sukari, kusugua kunaongeza weusi tu. Dawa nazo zinaleta madoa, kuna watu wakimeza za salfa doa la duara linatokea palepale lilipotokea mara ya kwanza. Na ukiona mistari ya viganja na fizi vinakuwa vyeusi huku unachoka, unakonda na presha inashuka, hapo mwone daktari, inaweza kuwa tezi za juu ya figo zina shida.

Sasa tiba. Chanzo kizimwe kwanza, chunusi itibiwe, halafu sanskrini ya SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 kwenda juu kila siku, na ukiwa nje unarudia kila masaa mawili. Bila hiyo hizo dawa nyingine ni kudeki huku bomba linavuja. Asidi ya azelaiki naipenda kwa sababu inafanya kazi mbili, chunusi na doa, na hata mjamzito anaweza kuitumia. Retinoidi, dawa za jamii ya vitamini A kama tretinoini, ni nzuri ila mjamzito asiziguse. Niasinamaidi na vitamini C ni za upole zaidi. Chochote utakachochagua kipe wiki 8 hadi 12 ndo uhukumu.

Haidrokwinoni, dawa ya kupaka inayopunguza rangi ya ngozi, inafanya kazi, hilo halina ubishi, lakini ni dawa ya daktari na ya miezi michache. Umoja wa Ulaya uliitoa kwenye vipodozi vya kung'arisha ngozi mwaka 2001, na Marekani tangu 2020 haiuzwi bila cheti cha daktari. Ukiipaka miaka na miaka inaweza kuleta okronosi, ngozi inageuka bluu-nyeusi, na kuiondoa ni shughuli pevu. Mkorogo ndo usiseme, mara nyingi ndani kuna stiroidi kali kama klobetasoli, mwezi wa kwanza unang'aa kila mtu anakusifia, baadae ngozi inakuwa nyembamba, chunusi zinafumuka, ukiacha uso unawaka moto. Mingine ina zebaki, inayoharibu figo. Ndimu nayo acha, maji yake yakikutana na jua yanaunguza na kuacha doa jeusi kuliko ulilokuwa unalifuta. Leza ipo, ila kwenye ngozi nyeusi inaweza kuongeza madoa kama anayeishika hajazoea ngozi hiyo.

Kuna doa la kukimbilia hospitali leo leo: lililo kwenye unyayo, kiganjani au chini ya kucha, hasa kama linatanuka, kingo hazieleweki au linatoa damu. Bob Marley lake lilikuwa chini ya kucha ya kidole gumba cha mguu, ilidhaniwa ni jeraha la mpira, kumbe ni melanoma, saratani ya hizi hizi melanosaiti, ikagundulika 1977 na akafariki 1981 akiwa na miaka 36.