Seva ya Linux ikigoma kupanda kasi, soma namba kabla ya kugusa draiva

Ofisi ina swichi ya gigabiti 1, seva ina kadi ya gigabiti 1, lakini faili linavutwa kwa kasi ileile ya zamani. Fundi anaingia mtandaoni, ananakili mistari ya sysctl (mipangilio ya kiini cha mfumo) asiyoielewa, anabandika, anawasha mashine upya. Hali haibadiliki. Sisi wa TEHAMA tunakuomba upime kwanza, maana mara nyingi namba yenyewe humtaja mkosaji.

Weka iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kwenye mashine mbili zilizochomekwa swichi moja. Ya kwanza iendeshe iperf3 -s, ya pili iperf3 -c pamoja na anwani ya ya kwanza. Kipimo hiki hakigusi diski, hivyo kikitoka vizuri huku faili likisuasua, achana na mtandao ukakague diski. Kwa pakiti za kawaida za baiti 1500, kilele cha gigabiti 1 ni takriban megabiti 941 kwa sekunde. Zinazobaki huliwa na vichwa vya pakiti.

Ukipata 94, shuku kebo. Andika ethtool eth0, amri ya kukagua kadi ya mtandao (jina la kadi yako utalipata kwa ip link), utazame mstari wa Speed. Ukisoma 100Mb/s, umeshamaliza nusu ya kazi. Gigabiti hutaka jozi zote 4 za nyaya. Megabiti 100 hutosheka na jozi 2. Waya mmoja ukilegea kwenye kichwa cha RJ45, kadi hushuka kimyakimya, taa zikaendelea kuwaka, na hakuna anayeshtuka. Bana kichwa upya au badilisha kebo.

Wapo wanaolazimisha kasi upande mmoja kwa mkono. Ni tabia mbaya. Upande wa pili ukikosa wa kukubaliana naye, huitambua kasi ya megabiti 100 lakini huamua kutuma na kupokea kwa zamu. Matokeo yake ping inapita safi, faili kubwa linakwama, na ethtool -S inaonyesha makosa ya CRC (pakiti zilizoharibika njiani) yakipanda. Ruhusu pande zote mbili zijadiliane zenyewe.

Umbali ni kesi nyingine, na hapa ndipo sysctl inapostahili. Chukua njia ambayo pakiti huenda na kurudi kwa milisekunde 150, tuseme kati ya Afrika Mashariki na Ulaya. Dirisha la TCP, yaani data inayoweza kutumwa kabla ya kusubiri jibu, likiwa kilobaiti 64, huvuki megabiti 3.5 kwa sekunde hata ukinunua gigabiti nzima. Kuijaza hiyo gigabiti kunahitaji takriban megabaiti 19 zilizo njiani kwa wakati mmoja, wakati kikomo cha tcp_rmem (nafasi ya kupokelea data) katika Linux nyingi zilizo kazini ni megabaiti 6. Kwenye FreeBSD, mfumo mwingine wa seva, tazama net.inet.tcp.recvbuf_max na kern.ipc.maxsockbuf.

Draiva njoo nayo mwisho. Pakiti zikidondoka kwenye kadi, ethtool -g hukuonyesha ukubwa wa foleni yake na -G huiongeza. Ukishuku kazi ambazo kadi huibebea prosesa, zima moja, mfano TSO (kukata data kubwa kuwa pakiti), kisha upime: ethtool -K eth0 tso off, au kwenye FreeBSD ifconfig igb0 -tso. Mashine ya FreeBSD inayofanya kazi ya ruta izimiwe na LRO (kuunganisha pakiti zinazoingia) pia. Mabadiliko haya hupotea mashine ikizimwa, kwa hiyo lililosaidia liandike kwenye NetworkManager kwa Linux, au kwenye /etc/rc.conf kwa FreeBSD.